Mtoto Huijua Sauti ya Mama Kabla ya Kuzaliwa

Mjamzito anayemsimulia hadithi mtoto aliye tumboni huenda akachekwa na jirani zake. Upande wa pili wapo wauzaji wa vifaa wanaomwahidi kwamba, akifuata utaratibu wao, atazaa mtoto mwenye akili kuliko wenziwe. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na ni wajibu wetu wahudumu wa afya kumweleza mama ukweli ulivyo.

Sikio la ndani la mtoto huanza kupokea sauti takriban kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito. Humo tumboni hamna ukimya: kuna mapigo ya moyo wa mama, mkondo wa damu na ngurumo za utumbo. Sauti ya mama humfikia mtoto kwa nguvu kuliko sauti nyingine za binadamu, kwa kuwa hupita pia ndani ya mwili wake. Hata hivyo, nyama za mwili na maji ya uzazi hupunguza sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Kwa hiyo mtoto hapokei maneno kama tuyasikiavyo sisi. Hupokea hasa mahadhi, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, mwendo wake na vituo vyake.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walieleza matokeo ya jaribio lao. Wajawazito walisoma kwa sauti hadithi fupi ya watoto mara mbili kila siku, katika wiki 6 za mwisho. Baada ya kuzaliwa, watoto walipewa chuchu bandia: wakinyonya kwa namna moja walisikia hadithi ile, wakinyonya kwa namna nyingine walisikia hadithi ngeni. Walibadili unyonyaji wao ili waisikie waliyoizoea, hata iliposomwa na mwanamke asiye mama yao.

Huo ni ushahidi wa kumbukumbu, si wa akili iliyozidi. Walioshiriki walikuwa wachache, na jaribio halikuonyesha kwamba msikilizaji huyo atafaulu zaidi darasani. Tusimwahidi mama jambo hilo.

Tumshauri nini, basi? Kama kinachomfikia mtoto ni mahadhi, asiyejua kusoma hana upungufu wowote. Ngano ya sungura na fisi aliyoipokea kwa bibi yake yatosha, na lugha iwe ile anayoizungumza nyumbani. Hakuna haja ya kubandika spika tumboni. Sauti ya kawaida yafika. Naye anayerudi kutoka shambani amechoka asijilaumu, kwani mazungumzo yake ya mchana kutwa yamekwisha kusikika. Mama asiyesema au asiyesikia naye aelezwe kwamba mapenzi yana njia nyingi: kumpakata mtoto, kumtazama na kumgusa.

Jambo moja lisiwe na utata. Hadithi si kipimo cha uhai wa mtoto. Mama akihisi kwamba mtoto amepunguza kucheza au ameacha kabisa, asikae kumsimulia ili aone kama ataamka. Aende mara moja kwenye kituo cha afya.

Mahali ambapo elimu hii ina thamani kubwa kabisa, kwa maoni yangu, ni wodi ya watoto njiti. Mama aliyejifungua katika wiki ya 30 mara nyingi huketi kimya, akiogopa hata kumgusa mwanawe aliye mdogo kama kiganja, na akidhani kwamba kiumbe huyo bado hajui lolote. Lakini masikio yale yamekwisha kuisikia sauti yake kwa majuma kadhaa. Anapombeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu, anaweza kuendelea na hadithi pale ilipokatikia, kwa sauti ya chini.

Muuguzi anayempokea mama huyo hahitaji kifaa wala bajeti mpya. Anahitaji dakika moja ya kuinama na kumwambia: “Sema naye, mama. Sauti yako anaijua.”