Kabla ya kuongeza matiti, jiulize nani atakusongea ugali

Siku hizi si ajabu jijini Nairobi kusikia kwamba fulani amefanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti. Zamani tulikuwa tukisoma habari hizi zikihusu waigizaji wa sinema wa Marekani. Leo upasuaji huo hufanywa papa hapa kwetu, na wanaoutaka ni karani wa benki, mwalimu, mfanyabiashara wa nguo, na hata mama wa watoto watatu anayetamani kifua chake kirudi kilivyokuwa kabla ya kunyonyesha.

Leo sikusudii kumhukumu mtu yeyote. Mwili ni wake mwenyewe na pesa ni zake. Ninachotaka kusema ni jambo moja tu. Mwanamke asiye na mtu mzima wa kukaa naye nyumbani katika siku mbili tatu za kwanza hajawa tayari kwa upasuaji huu, hata kama ana pesa zote mkononi. Na daktari anayepokea pesa hizo bila kumuuliza habari ya nyumbani hajatimiza wajibu wake.

Wasikilize akina dada wanapozungumzia jambo hili. Wataulizana bei. Wataulizana ukubwa, na kama kovu litaonekana. Ni nadra kumsikia anayeuliza, "Nikitoka hospitalini, nani atanifungulia mlango?" Upasuaji wenyewe huchukua takriban saa moja au mbili, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Basi kazi kubwa ya kupona haifanyiki hospitalini. Hufanyika Umoja, Kasarani, South B, au popote pale unapokodi nyumba.

Kwa nini wengi hujikuta peke yao? Jibu ni siri. Mwanamke huogopa kuchekwa na mashemeji, kusemwa kanisani au msikitini, na kuwa gumzo la ofisi. Huomba likizo akisema anakwenda mashambani, kumbe amejifungia chumbani na bendeji kifuani. Mama yake hajui, dada yake hajui, na jirani wa mlango wa pili hajui. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kuna siri zisizo na madhara, lakini ya mtu aliyetoka tu katika chumba cha upasuaji si mojawapo.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza hivi, fahamu kwanza kinachofanyika. Daktari hupasua ngozi, aghalabu chini ya titi, kisha hutengeneza nafasi ya kutia kifuko chenye silikoni au maji ya chumvi. Nafasi hiyo huwa nyuma ya titi lenyewe au chini ya msuli mkubwa wa kifua. Msuli huo ndio unaoutumia kusukuma mlango mzito, kujiinua kitandani, kukamua nguo na kusonga ugali. Kwa hivyo ukifanyiwa upasuaji wa kifua, ni mikono yako inayokwenda likizo.

Kwa wiki kadhaa, mara nyingi kati ya nne na sita, utaambiwa usinyanyue vitu vizito wala kufanya mazoezi ya nguvu. Kwa siku nyingi utalala chali, kichwa na mabega yakiwa yameinuliwa kwa mito. Utavaa sidiria maalumu mchana na usiku. Hutaendesha gari maadamu unatumia dawa kali za maumivu, wala kabla ya kuweza kuzungusha usukani na kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita. Wanaofanya kazi ya kuketi ofisini wengi hurudi kazini baada ya wiki moja au mbili. Anayeuza viazi sokoni au kufua nguo za watu atahitaji muda mrefu zaidi.

Sasa yalinganishe hayo na maisha yetu. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mtaani kwenu maji yakikatika, nani ataupandisha hadi orofa ya nne? Mtungi wa gesi ukiisha usiku, nani ataubadilisha? Na yule mtoto wa miaka miwili aliyezoea kurukiwa na kubebwa na mama, nani atamweleza kwamba mama habebi mtu mwezi huu? Maagizo ambayo hospitali huwapa wagonjwa hudhani kwamba maji yako bombani na lifti inafanya kazi. Nyumba zetu nyingi haziko hivyo.

Saa 24 za kwanza ndizo za kutiliwa maanani zaidi. Dawa ya nusukaputi haikuishi mwilini mara tu unapofumbua macho. Unaweza kusinzia, kutapika, kupatwa na kizunguzungu njiani kwenda msalani na kuanguka. Unaweza kusahau kwamba umekwisha kumeza vidonge na ukameza tena. Ndiyo sababu hospitali zinazojali hazimruhusu mgonjwa aondoke bila mtu mzima wa kumsindikiza. Dereva wa teksi si msindikizaji. Kazi yake huisha langoni.

Kuna hatari nyingine zinazohitaji macho ya mtu wa pili. Ya kwanza ni damu kuvuja ndani ya titi, jambo ambalo aghalabu hutokea katika siku ya kwanza au ya pili. Titi moja huvimba ghafla kuliko jingine, huwa gumu, na maumivu huzidi badala ya kupungua. Hapo ni kurudi hospitalini mara moja, na huenda ukafunguliwa tena ili damu hiyo itolewe. Ya pili ni kidonda kuingia viini. Utaona homa, joto na uvimbe unaoenea, usaha au harufu mbaya. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo usiungojee. Ya tatu ni damu kuganda katika mshipa wa mguu, kisha bonge hilo likasafiri hadi mapafuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukianza kuhema kwa shida, usingoje kupambazuke. Kutembea tembea polepole ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza hupunguza hatari hii, lakini hata kuinuka huko kunahitaji mtu wa kukushika mkono.

Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini, na baraza linalosimamia madaktari nchini likaifunga kliniki iliyohusika. Huo haukuwa upasuaji wa matiti, wala sisemi kwamba marehemu aliachwa peke yake. Nautaja kwa sababu ulitukumbusha kwamba upasuaji wa urembo ni upasuaji kamili, na hatari zake haziishi mgonjwa anapotoka mezani.

Najua wapo watakaonijibu. Mmoja atasema, "Mimi nina simu na pesa za M-Pesa. Chakula nitaagiza, na nikizidiwa nitapiga simu." Simu ni msaada mkubwa, lakini humsaidia aliye macho na mwenye akili timamu. Kijana anayeleta chakula kwa pikipiki hataona kwamba titi lako la kushoto limevimba kuliko la kulia, wala hatakuja kukuamsha saa tisa za usiku umeze dawa.

Mwingine atasema, "Nilizaa kwa upasuaji, na siku ya tatu nilikuwa nimesimama." Ni kweli, dada yangu, lakini kumbuka nani walikuwapo. Mama yako alikuja na uji. Shangazi alimshika mtoto. Jirani alikufulia nguo, na wanachama wa chama wakaleta supu na unga. Jamii zetu zinajua vizuri kumuuguza mzazi. Mwanamke aliyeongeza matiti hanyimwi uangalizi huo kwa sababu kidonda chake ni kidogo. Hunyimwa kwa sababu tunasema alijitakia. Lakini kidonda ni kile kile cha kisu, na hakiponi haraka eti kwa kuwa mwenyewe alikichagua.

Basi afanye nini yule ambaye kweli hana watu wengi? Asikate tamaa, bali ajipange kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kwanza, achague mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Si lazima awe mama wala mume. Awe tu mtu mzima anayeweza kulala kwako siku mbili tatu, na asiyeona haya kutazama kidonda. Akikosekana kabisa, uliza bei ya kulala hospitalini usiku mmoja au miwili, au ya muuguzi wa kuja nyumbani. Gharama hiyo ihesabu kuwa sehemu ya upasuaji. Ikiwa haimo katika uwezo wako, basi upasuaji nao haumo katika uwezo wako kwa sasa.

Pili, itayarishe nyumba. Vitu vya kila siku, kama vikombe, sufuria ndogo, majani ya chai na dawa, vishushe kutoka rafu za juu hadi kimo cha kiuno. Maji yagawe katika chupa za lita moja au mbili. Pika mapema vyakula vinavyohitaji kupashwa moto tu, na ugali wa wiki hizo mwachie mwingine. Nunua mboga na matunda kwa wingi, kwani dawa kali za maumivu hufunga choo. Tafuta nguo zinazofungwa vifungo mbele, maana kuvaa fulana kwa kuinua mikono kutakuliza. Watoto wadogo na waende kwa nyanya yao kwa wiki mbili hivi ikiwezekana.

Tatu, andika kwenye karatasi jina la kila dawa na saa ya kuimeza, kisha uibandike ukutani. Usiongeze aspirini, dawa ya kienyeji wala kidonge cha dukani bila kumuuliza daktari, kwa sababu baadhi ya dawa huzidisha kuvuja kwa damu. Karibu na karatasi hiyo andika nambari ya daktari, na ya mtu mwenye gari aliyekubali kuitwa hata usiku wa manane.

Kwa madaktari na wenye kliniki nina ombi. Ulizeni habari za nyumbani kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Mpeni mgonjwa maagizo kwa maandishi, na yawe kwa Kiswahili anachokielewa yeye na yule atakayemwuguza. Mpeni nambari inayojibiwa usiku. Nawe msomaji, hakikisha kwamba daktari wako ana leseni ya Baraza la Madaktari, na kwamba ni mtaalamu wa upasuaji wa aina hiyo. Wanaosafiri hadi India au Uturuki kutafuta bei nafuu wajiulize pia ni daktari gani wa hapa nyumbani atakayewashughulikia kidonda kikifunguka.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Vifuko vya silikoni vilitiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1962 huko Houston, Marekani, na hadi leo havijawa kitu cha kudumu maisha yote. Mwaka wa 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza kwamba mgonjwa aelezwe wazi, kabla ya upasuaji, kwamba vifuko hivi havikuundwa kukaa mwilini milele, na kwamba kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa matatizo unavyoongezeka. Wengi watahitaji upasuaji mwingine siku za usoni. Basi huyo mtu utakayemwambia siri yako leo yamkini utamhitaji tena baada ya miaka kumi au kumi na mitano, nawe utakuwa umezeeka kidogo.

Mwisho nawageukia waume, akina mama, dada na marafiki. Huenda mkaambiwa siri hii wiki ijayo. Huenda msikubaliane nayo hata kidogo, na hiyo ni haki yenu. Lakini mawaidha yana siku yake. Siku ya kwanza mpelekeeni uji, mpangieni mito na mtazameni kama anapumua vizuri. Yaliyobaki mtazungumza atakapoweza kuinua mikono yake.