Tukimfuta Benni, tutakuwa tumefuta kitu gani?

Nane bila. Novemba 18, 2025, kule Antalya, Uturuki, Senegal waliicharaza Harambee Stars mabao manane, na sisi tuliokuwa tumekaa nje ya kibanda cha mpira hapa Mwakingali, Voi, tulikuwa tunayapokea kwa simu moja baada ya jingine kama meseji za Fuliza. La tano lilipoingia watu waliacha kukasirika wakaanza kucheka. La nane lilipoingia kesi ilikuwa imeshaamuliwa: kocha apigwe kalamu.

Hakimu mkuu alikuwa jamaa mmoja wa jezi ya Manchester United. Yeye ana kisa chake na Benni McCarthy, maana Msauzi huyu alikuwa akiwanoa washambuliaji wa United kati ya 2022 na 2024. "Hata kwetu alikuwa anafundisha watu kukosa mabao," akasema. Niliguna tu. Msee wa United hana haki ya kucheka mtu siku hizi.

Lakini tusimtetee Benni bure. Mechi yake ya kwanza, Machi 2025, Stars walitoka sare ya 3-3 na Gambia. Septemba hao hao Gambia wakaja Kasarani na kutupiga 3-1 mbele ya watu wetu. Hayo ni mabao sita kutoka kwa timu moja. Ukishacheza na mpinzani mara moja na akakutoboa mara tatu, mara ya pili unafaa uwe na jibu. Hapo silaumu serikali, wala silaumu nyasi za uwanja. Ile ni kazi ya mkufunzi, na hakuifanya.

Sasa kinachonichanganya ni Agosti. Katika CHAN, kocha huyo huyo alitoa DR Congo 1-0, akatoka 1-1 na Angola, akalaza Morocco 1-0 vijana wetu wakiwa kumi uwanjani kipindi kizima cha pili, akamaliza na Zambia 1-0. Robo fainali tukatolewa na Madagascar kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Mechi tano, mabao mawili tu ya kufungwa ndani ya muda wa mchezo. Gambia walikuja wiki mbili baadaye. Mtu hawezi kusahau kazi kwa wiki mbili.

Tofauti ni hii: CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Benni aliwaweka pamoja kambini kwa wiki kadhaa, wakafahamiana, wakacheza nyumbani, na Rais Ruto alikuwa amewaahidi shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila ushindi. Mechi za kawaida za kimataifa haziko hivyo. Huyu anatua kutoka Ulaya Jumatatu, yule anatua Jumanne amechoka, mnafanya mazoezi siku mbili tatu, mnacheza. Kocha wa timu ya taifa ni kama mpishi wa harusi, anapika kile alicholetewa, na akicheleweshewa mchele, wageni watamlaumu yeye.

Mwenye kunifungua macho zaidi ni Adel Amrouche. Agosti 2014, Lesotho walipotutoa kwenye mchujo wa AFCON, tulimtimua. Kesi ikaenda hadi nje, na shirikisho likaagizwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Halafu 2023 Amrouche akachukua Tanzania, na Septemba mwaka huo akawapeleka AFCON. Mtu yule yule tuliyesema hajui mpira.

Hapo ndipo napenda kuchukua matatu hadi Taveta. Ukivuka Holili tu, uko kwenye nchi ambayo watu wanajua kikosi cha Yanga kuliko majina ya wabunge wao. Mwaka 2021 Azam walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi yao, shilingi bilioni 225.6 za Tanzania. Upande wetu, SportPesa walijitoa 2019, BetKing wakaja 2020 na kuondoka mwaka uliofuata. Mchezaji wa klabu isiyolipa mshahara anaingia kambi ya taifa na njaa, na hakuna ubao wa mbinu unaotibu hiyo.

Mtu ataniambia: mbona Tanzania nao walibadilisha kocha wiki chache kabla ya AFCON ya Morocco, na wakavuka makundi kwa mara ya kwanza? Kweli, Miguel Gamondi aliingia Novemba. Lakini walivuka kwa pointi mbili bila kushinda mechi hata moja, na wachezaji wengi aliowakuta walikuwa wametoka kwenye ligi iliyo hai. Alibadilisha dereva, gari lilikuwa linawaka tayari.

Sisi tumebadilisha madereva kweli kweli. Baada ya Amrouche: Williamson, Okumbi, Put, Migné, Kimanzi, Mulee, Fırat, McCarthy. Ni Migné peke yake aliyetufikisha AFCON, ile ya 2019. Fırat alianza kwa kipigo cha 5-0 kutoka kwa Mali, kisha FIFA wakatufungia karibu mwaka mzima, Februari hadi Novemba 2022, kwa sababu ya vita vya ofisini. Baadaye mechi za "nyumbani" alichezea Lilongwe na Kampala kwa kuwa hatukuwa na uwanja uliokubalika. Hebu niambie kocha gani angeng'aa hapo.

Na hapa kwetu? Taita Taveta nzima haina klabu ya ligi kuu. Kijana wa Sofia au Kaloleni akitaka kuonekana, klabu ya karibu ni Bandari, Mombasa, kilomita 150 hivi. Nauli anatoa nani? Nimecheza na winga mmoja hapa aliyekuwa na mguu wa kushoto wa ajabu. Leo anaendesha bodaboda stendi, na Benni hatawahi kumuona, hata akae Kenya miaka kumi.

Kwa hivyo mimi kura yangu ni abaki, lakini aeleze yale mabao sita ya Gambia na aseme ni mabeki gani anaotaka kujenga nao. AFCON ya 2027 tunaiandaa na Tanzania na Uganda, tunaingia kama wenyeji, kwa hivyo hatuna kisingizio cha kutokuwa tayari.

Jamaa wa jezi nyekundu bado hajakubali. Juzi alikuwa kibandani akimfuta kocha mwingine.