Barua ya wazi kwa mkaguzi wa vituo binafsi vya afya: ng'ombe wa Mama wamekwisha

Mheshimiwa,

 

Nakuandikia kuhusu kliniki ile ya kando ya barabara kuu hapa Sirari, yenye bango la goti linalong'aa. Siitaji kwa jina. Unaijua, maana cheti kutoka ofisini kwako kimetundikwa pale, juu ya kichwa cha anayepokea fedha. Mama yangu alikisoma kabla ya kuuza ng'ombe.

Magoti yake yamesagika. Daktari wa mifupa alishamwambia kwamba dawa za maumivu zitafika mahali zigome, ndipo goti libadilishwe, kazi ambayo Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili wanaifanya. Ng'ombe wale walikuwa wa kazi hiyo. Kliniki ikamwambia kisu cha nini, bibi, seli shina zitaotesha gegedu upya, ute urudi, utacheza ngoma ya ritungu. Mama akauza ng'ombe.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Alichofanyiwa si seli shina. Walimtoa damu mkononi, wakaizungusha kwenye mashine, wakachukua maji ya manjano yenye chembe sahani, wakamdunga gotini. Hiyo ni plazma. Ni tiba iliyopo duniani, na madaktari waungwana huitoa wakimweleza mgonjwa kwamba bado inabishaniwa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wagonjwa 288 wenye magoti yaliyoanza kusagika. Baada ya miezi 12, waliochomwa plazma hawakuwapita kwa lolote la maana waliochomwa maji ya chumvi, si kwa maumivu wala kwa gegedu. Na seli shina zenyewe, za kweli, zilipopimwa Marekani, matokeo yakatoka 2023: mwaka mmoja baadaye hazikuishinda sindano ya kawaida ya steroidi.

Maji ya chumvi, Mheshimiwa. Mama aliuza ng'ombe.

Sitakaa sana kwenye uvimbe uliofuata, ulipoa. Marekani mwaka 2018 watu 12 walilazwa na maambukizi baada ya kudungwa bidhaa za seli shina za damu ya kitovu, kwa hiyo labda nishukuru.

Nilipolalamika, dirisha la kwanza lilisema hiyo si dawa, ni damu ya mgonjwa mwenyewe, nenda kwa watu wa vituo. Watu wa vituo wakasema kituo kina cheti, sindano waulize watu wa dawa. Huku kwetu mpakani, mama akivuka kutoka Isebania, upande wa Kenya, na mfuko wa sukari atajieleza mpaka akauke koo. Lakini mtaalamu wa kliniki ile, anayekuja na mashine yake mwisho wa wiki na kuondoka na bei ya ng'ombe, hana wa kumuuliza anachodunga ni nini.

Babu wa Samunge, mwaka 2011, alitoza shilingi 500 kwa kikombe cha dawa yake. Hakuwa na cheti ukutani. Aliyekwenda kwake na kurudi bila kupona, angalau aliwakuta ng'ombe zizini.

Naomba, kwa heshima zote, useme hadharani cheti kile kinaruhusu nini: kupima malaria, au kuotesha gegedu? Bango lishushwe. Kila anayedungwa apewe maandishi ya Kiswahili yanayotaja kilichomo kwenye sindano, bei yake, na kama imethibitishwa. Fedha za Mama zirudishwe, maana goti lake bado linasubiri upasuaji na zizi ni tupu. Na ukimaliza Sirari, nenda Tarime, nenda Musoma, usome mabango. Nchi hii ina ofisi ya kutoa kibali cha kila kitu. Ya kurudi kuangalia kilichofanywa na kibali hicho sijaiona.

Nasubiri jibu la maandishi, lenye jina na cheo cha aliyesaini. Lile la "suala lako linafanyiwa kazi" ninalo tayari.

Mwalimu wa sekondari,
Sirari, Tarime