Je, Siti Alikosa Adabu?

Wasomaji wetu, katika vibaraza vya Kariakoo, Dar es Salaam, tumesikia maneno juu ya kitabu cha marehemu Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, nayo hatuwezi kuyaacha yapite. Wako watu wazima, tena wenye elimu, wampendao Siti maadamu anatukanwa, lakini afunguapo kinywa kujibu, hukifunga kitabu wakasema, "Hapo alijishusha. Mwanamke mwenye heshima hunyamaza."

Twawauliza: heshima ipi iliyosalia ambayo matusi yale hayakuigusa? Huyu alikuwa mtoto wa Fumba, Unguja, aliyepewa jina la Mtumwa, akatembeza vyungu mjini akivinadi kwa sauti yake. Alipohamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba na kupata sifa, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumdhihaki kwa sura yake, kwa umaskini wake, na kwa shamba alikotoka. Wimbo wa namna ile huimbwa mbele za watu, na kimya chake kingalipokewa kuwa ni kukiri. Naye hakutukana. Alitunga wake, akasema kwamba uzuri na ukoo si hoja. Aibu ya mtu ni kukosa akili. Ni jibu gani lingalikuwa na adabu kuliko hilo? Sisi twaona kwamba liwaudhilo wenzetu si ukali wa jibu, bali ni nani aliyelitoa. Lau angalikuwa bwana mwenye mali, wangalimwita shujaa.

Wengine hutuletea neno la shavu la pili. Na wasome Injili ya Yohana, sura ya 18: Bwana alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza yule mpigaji sababu ya kumpiga. Hakurudisha kofi, wala hakunyamaza.

Tena ni Siti huyu huyu aliyeimba Kijiti, habari ya mtu aliyemwua mwanamke Unguja akakimbilia huku Dar es Salaam, nao mashahidi ndio walioadhibiwa. Kama angalizoea kunyamaza kwa ajili yake mwenyewe, je, angalipata wapi ulimi wa kumsemea yule marehemu?

Wala jambo hili si la kitabuni tu. Hapa hapa Kariakoo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipokwisha kutangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku sketi fupi na nguo za kubana, makundi ya vijana yaliwaandama wanawake njiani na katika mabasi, hata polisi wakaitwa. Magazetini wako waliowalaumu wasichana, na wako wasichana walioshika kalamu wakajitetea. Wapende sketi zile au wasizipende (sisi wenyewe hatuzitetei), watu wenye haki wangalipaswa kuwasikiliza hao kwanza, maana ndio walioandamwa.

Waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, walilipa gazeti lao jina la Sauti ya Siti. Nao wajua kwa nini.

Basi ninyi mfungao kitabu mahali pale, twawaomba mkifungue tena, mwasomee binti zenu jibu lile kwa sauti, kisha mtuandikie ni neno lipi ndani yake mngalilifuta.