Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno hayo huwa mepesi kwa anayeyatamka, bali huwa mazito kwa mtu wa makamo aliyepoteza kazi. Mtu huyo hapotezi mshahara tu, hupoteza na jina alilojulikana kwalo: dereva, fundi, karani. Majirani humwuliza mbona siku hizi yupo nyumbani mchana, naye hana la kujibu. Huyo hatulizwi na methali pekee. Yafaa aonyeshwe mhunzi aliyevunjikiwa na koleo, naye akaendelea kufua chuma.

Mmoja wa wahunzi hao ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, mwana wa mvuvi. Masomo yake yalikatika mapema baada ya ugomvi na mwalimu mkuu. Tangu hapo riziki yake ilitoka mikononi mwake: alikuwa makanika, akawa mwashi, akaingizwa katika jeshi la Wafaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita alivuka bahari hadi Marseille, Ufaransa, akawa kuli wa bandarini.

Mwaka 1951 uti wa mgongo wake uliumia vibaya kazini. Ikiwa mtaji wote wa mtu ni mgongo wake, na mgongo huo ukaumia, amebakiwa na nini? Sembène alikuwa na umri wa miaka 28. Katika miezi ya kujiuguza alizama katika vitabu, akisoma kile ambacho shule haikuwahi kumpa, kisha akaanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Ni kisa cha kuli Mwafrika wa Marseille aliyeandika kitabu, na mwanamke wa Kifaransa akakitoa kwa jina lake mwenyewe.

Hapa pana funzo la kwanza. Sembène hakuyatupa maisha yake ya zamani kana kwamba yalikuwa aibu. Kazi ya gatini ilimtoka, lakini aliyoyajua ya gatini yalibaki, na hayo ndiyo yaliyokuwa malighafi ya kazi mpya. Karani aliyestaafishwa anajua mambo ya watu yanayoweza kujaza vitabu. Seremala asiyeweza tena kuinua magogo bado anaujua mti, naye aweza kuchonga vinyago vidogo akiwa ameketi.

Funzo la pili ni gumu zaidi. Kufikia mwaka 1960 Sembène alikwisha kuchapisha riwaya tatu, mojawapo juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa mwaka 1947 hadi 1948. Lakini wananchi wenzake wengi hawakujua kusoma Kifaransa. Basi mwaka 1962, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu katika studio ya Gorky, chini ya Mark Donskoy. Mtunzi mwenye sifa akakubali kuwa mwanafunzi tena. Wengi hukwama papo hapo, kwa kuona haya kufundishwa uzeeni.

Mwaka 1963 alitoa filamu ya dakika kama 20, iitwayo Borom Sarret. Mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar anaingia mtaa wa wakubwa, na polisi anamnyang'anya mkokoteni. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anatoka, akimwahidi kwamba usiku huo watakula. Kila nyumba iliyopotelewa na mshahara inamfahamu mke huyo.

Ndiyo maana mambo haya hayamhusu aliyepoteza kazi peke yake. Tangu ajali ya Sembène hadi riwaya ya kwanza ilipita miaka mitano, na hadi filamu hiyo miaka 12. Sanaa haijazi chungu mwezi wa kwanza. Mume na mke hawana budi kuketi na kupatana: kazi ipi ndogo itanunua unga, saa ipi ya siku itakuwa ya kujifunza, na nani atashika watoto saa hiyo. Anayeanza upya asiiache kazi ndogo kwa kuidharau, na jamaa zake wasiicheke kazi yake ya kwanza hata ikiwa imepinda.

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, filamu iliyozungumza Kiwolof, lugha ya watu wake. Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004, naye amepita miaka 80. Alifariki mwaka 2007 mjini Dakar. Aliyepoteza kazi leo na aanze kwa jambo moja: aandike yale ayajuayo kutokana na kazi yake ya zamani, kisha amtafute wa kumfundisha yale asiyoyajua.