Mama, Usiuze Shamba Bado

SAFU YA MWANAIDI

Jumanne nilikuwa kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, nasubiri kutoa kopi. Mbele yangu alikaa mama wa makamo na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Kijana mmoja wa tai, bahasha ya kaki mkononi, alikuwa akiwauzia nafasi ya chuo cha afya. Msomaji wangu wa siku nyingi ameshajua kilichofuata: mbele ya dalali sinyamazi, awe wa mahindi, wa viwanja au wa vyumba.

Huyu alitaka pesa ya "kushika nafasi" siku hiyo hiyo. Ada ingefuata, na mama alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba lao. Binti amefeli kemia. Dalali akasema hilo litarekebishwa. Litarekebishwaje? Bila ufaulu wa kemia na baiolojia hakuna uuguzi wala utabibu, na matokeo ya NECTA hayafutwi kwa bahasha. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akakumbuka ana basi la kuwahi.

Mama akanigeukia. "Da Mwanaidi, wewe si yule wa gazetini? Haya, mtoto wa maskini aingilie wapi?"

Nikamwambia: kwenye kitongoji chako. Tarehe 31 Januari 2024, Dodoma, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni wahudumu 137,294 kwa miaka 5, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kila kitongoji na kila mtaa. Anatakiwa mkazi wa hapo hapo, wa kidato cha nne, apitishwe na wananchi wenzake mkutanoni, kisha asome miezi 6.

"Hao wa kugawa vyandarua?" mama akauliza, na binti akainamisha uso.

Hapo nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia dalali. Nani anagonga mlango wa mjamzito ambaye hajaenda kliniki? Nani anamwona jirani anayekohoa wiki ya tatu na kumpeleka akapimwe kifua kikuu? Nchi hii imewahi kuendesha zahanati zake kwa waganga wasaidizi wa vijijini, vijana wa darasa la saba waliofundishwa miaka 3. Wengi wetu tulichomwa sindano na watu hao. Leo wajukuu zao wanaona haya kuvaa kizibao cha mhudumu!

Posho ya kazi hii ni ndogo, na serikali inawajibika kuilipa kwa wakati. Ila binti akiwa kazini anaweza kurudia kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akifaulu, anaomba chuo kupitia mfumo wa udahili wa NACTVET, bila mtu wa kati. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wanafunzi wa stashahada za afya. Hapo shamba bado lipo, na wadogo zake bado wanakula.

Kwa nini mama huyu hakuyajua haya? Kwa sababu mtendaji wa kijiji anayelipwa kuyatangaza amekaa nayo kwenye droo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa ni wa michango. Tangazo la nafasi linasomwa kwa wapwa na mashemeji. Dalali anashiba kwa ukimya wa ofisi hiyo.

Mzazi mwenye kijana wa kidato cha nne, kabla hujamwita mnunuzi, nenda ofisi ya mtendaji ukaulize kama zamu ya mkoa wenu kwenye mpango huu imefika na mkutano wa kupitisha wahudumu ni lini. Ukijibiwa hovyo, panda hadi kwa mganga mkuu wa wilaya. Na wewe mtendaji, fungua droo.