RUIRU YAHESABIWA MJI MDOGO KWA NINI?



Katika agizo la serikali la mishahara ya chini kabisa, lililoanza kutumika Novemba 2024, nchi yetu iligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni miji mikuu, kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Fungu la pili ni miji iliyokuwa na manispaa zamani, na pamoja nayo Mavoko, Limuru na Ruiru. Fungu la tatu ni mahali pengine pote. Mfanya kazi asiye na ufundi, yule anayefagia, anayebeba na kupakia, katika fungu la kwanza aliongezwa asilimia 6 akafika sh. 16,113.75 kwa mwezi. Mwenzake wa Ruiru, kwa kazi ile ile na saa zile zile, alifika kama sh. 14,867. Tofauti yao ni zaidi ya sh. 1,200 kila mwezi, na kwa mwaka ni karibu sh. 15,000. Hiyo ni karo, au ni kodi ya miezi kadhaa.

Basi sisi twauliza: Ruiru ni mji mdogo kwa kipimo gani?

Watu walipohesabiwa usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, mji wa Ruiru ulionekana kuwa na watu 490,120. Huo ni mji wa nne katika Kenya nzima, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Kisumu, ambayo imo katika fungu la kwanza, ilikuwa na watu 397,957. Katika hesabu ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu kama 240,000 tu. Maana yake, katika miaka kumi mji uliongezeka mara mbili, na mtu wa kuandika karatasi ya mishahara hakuinua kichwa kutazama.

Watu wa ofisi watatujibu kwamba Kisumu ni jiji na Ruiru si jiji. Ni kweli. Lakini tumbo halisomi hati ya jiji. Unga wa kilo mbili dukani Kihunguro hauuzwi kwa bei ya chini kwa sababu mji haujapewa hati.

Yafaa tukumbushane watu hawa walitoka wapi. Wazee wanaijua Ruiru ya mashamba ya kahawa na mkonge. Baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi, yakakatwa vipande, kila mwenye hisa akapata chake. Kwa miaka mingi vipande hivyo vilikuwa mahindi na mbuzi. Kisha barabara kuu ya Thika ikapanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, na pale palipokuwa na mahindi pakasimama nyumba za ghorofa, Githurai 45, Kimbo, Kahawa Wendani, Murera, mpaka ukielekea Juja. Aliyekuwa akipanga chumba Nairobi akaona kwa kodi ile ile atapata vyumba viwili huku. Akaoa, akahama. Jirani yake naye akafanya vivyo hivyo. Ndivyo mji wa nne wa Kenya ulivyojengwa, na waliojengewa ni vijana wenye watoto wadogo.

Hili la watoto wadogo ndilo twataka lisikiwe vizuri. Katika hesabu ya 2019, nyumba moja ya Kenya ilikuwa na watu 3.9 kwa wastani. Katika kaunti ya Kiambu, ambamo Ruiru imo, ilikuwa watu 3 hivi. Tajiri akiisoma hesabu hiyo atafurahi: watu watatu tu, hawahitaji mengi! Lakini tazama vizuri watatu hao ni nani. Mara nyingi ni baba, mama na mtoto asiyejifunga viatu. Bibi hayumo. Shangazi hayumo. Dada mkubwa wa kumshika mtoto hayumo. Nyumba ya watu saba kule nyumbani Murang'a au Kakamega ina mikono ya kulea na shamba la mboga. Nyumba ya watu watatu ya Ruiru hununua kila kitu, pamoja na mikono ya kulea. Mama akitaka kwenda kazini humwacha mtoto kwa mwanamke wa jirani mwenye watoto kumi na zaidi katika chumba kimoja, na humlipa kwa siku. Asipolipa, haendi kazini. Pesa hizo hazimo katika hesabu ya mshahara wa mtu yeyote tunayemjua.

Sasa tukumbuke jambo la zamani kidogo, maana vijana wengi hawakuambiwa. Wakati wa ukoloni mfanya kazi wa mjini alihesabiwa kuwa mtu mmoja asiye na mke. Mkewe na watoto walidhaniwa kuwa reserve, wakijilimia chakula chao. Kwa hiyo mshahara ulipimwa kwa tumbo moja, na nyumba ilipimwa kwa kitanda: nafasi ya kitanda kimoja, si nyumba ya mtu na watu wake. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikubali katika taarifa yake kwamba mshahara wa aina hiyo hauwezi kumlisha mtu na jamaa yake, ikashauri mshahara upimwe kwa mahitaji ya familia. Watu wa vyama vya wafanya kazi walikuwa wakisema hivyo kabla ya kamati kukaa. Huko Mombasa, katika migomo ya 1939, kodi ya nyumba ilikuwa moja ya malalamiko makubwa.

Hatusemi kwamba leo ni ukoloni. Twasema mawazo ya kitanda kimoja hayakufa yote. Yako katika posho ya nyumba.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe pesa za kutosha kupanga nyumba ya kufaa, juu ya mshahara wake. Maneno mazuri sana. Lakini agizo la mishahara limefanya hiyo "kutosha" kuwa asilimia 15 ya mshahara wa chini. Kwa mwenye sh. 16,113.75, asilimia 15 ni kama sh. 2,417. Kwa mwenye mshahara wa Ruiru ni kama sh. 2,230. Tunaomba mwajiri yeyote atuonyeshe, Ruiru au kwingineko karibu na Nairobi, nyumba ya kukaa mke, mume na mtoto, yenye maji na choo chake, kwa pesa hizo. Tutaenda naye kuitazama, na nauli tutajilipia.

Na hiyo nauli ndiyo nusu ya shauri. Watu husema, "Mlikwenda mbali kutafuta kodi ndogo, basi mmepata faida." Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu anayekaa Ruiru na kufanya kazi Nairobi alipe sh. 100 kwenda na sh. 100 kurudi, siku 26 za mwezi. Hizo ni sh. 5,200. Zimepita posho yake ya nyumba mara mbili na zaidi. Mvua ikinyesha makanga hupandisha, na hakuna wa kumwuliza. Kwa hiyo kile alichookoa kwa mwenye nyumba amempelekea mwenye matatu, na juu yake ameongeza saa mbili au tatu za usingizi kila siku, ambazo hazina bei. Reli ya kwenda Thika ilifika mwaka 1913 na yapita hapo hapo Ruiru. Gari moshi la asubuhi lapita pia, lakini safari zake kwa siku ni chache kwa mji wa nusu milioni ya watu. Twashangaa reli ya miaka zaidi ya mia yashindwa kuwafuata watu waliojenga kando yake.

Maji nayo. Bwawa la Ruiru lilijengwa mwaka 1950, na maji yake huteremka Nairobi. Kuna bwawa jipya la Karimenu, lililozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Ruiru, Juja na jirani zao, nasi twalishukuru. Lakini bado kuna majumba ambamo mfereji hutoa hewa siku tatu za juma, na mama hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Mtungi ukipandishwa ghorofa ya nne una bei nyingine, ya mgongo.

Twaja kwa makato. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wote hukatwa kwa ajili ya nyumba, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Wanachama wengi wametuuliza maoni yetu. Sisi hatupingi mfanya kazi kujengewa nyumba. Vyama viliomba jambo hilo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini mwenye sh. 16,113.75 na posho yake hukatwa kama sh. 278 kila mwezi, na ana haki ya kujua nyumba zajengwa wapi na za ukubwa gani. Sheria hiyo yamweka mtu wa mapato yasiyofika sh. 20,000 katika nyumba za kijamii. Hofu yetu ni kwamba mtu huyo atapimiwa chumba kimoja, na watu wataridhika kwa kuwa ni kipya na kina rangi. Chumba kimoja kwa watu watatu ni kitanda cha zamani kilichopakwa chokaa. Mtoto wa miaka miwili leo atakuwa wa miaka kumi na miwili kabla ya kumaliza kulipia nyumba. Atalala wapi?

Wako wenzetu wasiopendezwa na maneno haya. Wengine ni wanachama waliojikusanya katika ushirika wakanunua ploti, wakajenga vyumba vya kupangisha, nao wataka kodi ipande. Hatuwalaumu, walijinyima ili wajenge. Wengine husema posho ikipanda, wenye nyumba watapandisha kodi siku hiyo hiyo na mfanya kazi hatabaki na kitu. Hoja hii ina nguvu, tusiitupe. Ndiyo maana posho peke yake haitoshi. Ni lazima nyumba ziongezeke, gari moshi liongezeke, na shule za serikali ziongezeke, ili mwenye nyumba asiwe na watu kumi wanaogombea mlango mmoja. Lakini mtu asitumie hoja hiyo kutuambia tukae kimya juu ya mshahara. Kodi ya Ruiru imekuwa ikipanda hata mishahara isipopanda.

Waajiri wa Ruiru nao watasema viwanda vilikuja huko kwa sababu mishahara ni midogo. Twajibu: vilikuja kwa sababu ya ardhi, barabara na watu. Vyote vitatu bado vipo.

Jambo moja hatuna budi kulisema juu ya serikali za kaunti. Mfanya kazi wa Ruiru aliyeajiriwa Nairobi hutoa jasho lake katika kaunti moja, na tajiri wake hulipa leseni na kodi ya ardhi huko huko. Mtoto wake husoma na kuugua katika kaunti nyingine. Mgao wa pesa kutoka serikali kuu hutazama sana idadi ya watu, na idadi hiyo yatoka katika hesabu ya 2019. Mtoto aliyezaliwa Ruiru mwezi mmoja baada ya hesabu hatahesabiwa mpaka mwaka 2029, ikiwa hesabu itafanywa kwa wakati wake. Atakuwa darasani miaka mingi bila kuwako katika kitabu. Katika mji wa wazee kosa hilo ni dogo. Katika mji wa maharusi ni madarasa mazima.

Sasa twataka nini? Kwanza, wajumbe wetu katika Baraza la Mishahara wadai Ruiru iingizwe katika fungu la kwanza. Miji mingine ya kando ya Nairobi itazamwe kwa kipimo hicho hicho cha watu, hasa Kitengela iliyofika watu 154,436 na Ongata Rongai yenye 172,569 katika hesabu ya 2019. Pili, katika kila mkataba unaofunguliwa upya, posho ya nyumba isiandikwe asilimia 15 kwa mazoea tu. Iandikwe kwa shilingi, kwa kodi halisi ya mahali wanachama wanakokaa, na nauli ihesabiwe kando. Palipo na mshahara wa jumla unaodaiwa kuwa na posho ndani yake, mwakilishi wa kazini aombe mchanganuo wake. Sheria yaruhusu mshahara wa jumla, lakini hairuhusu posho iliyopotea ndani yake. Tatu, akina mama wasiachwe peke yao na shauri la kulea. Kiwanda chenye wafanya kazi wengi vijana chaweza kutoa chumba cha watoto na mlezi, na gharama yake ni ndogo kuliko kufundisha mtu mpya kila miezi sita.

Ili wajumbe wasiende mikono mitupu, kila tawi lenye wanachama wanaokaa Ruiru likusanye karatasi moja kwa kila nyumba: kodi, maji, nauli ya mwezi, malipo ya mlezi, na idadi ya watoto chini ya miaka sita. Jina si lazima. Mpe mwakilishi wako kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza, na risiti zilizopo ziambatishwe, hata za mwenye mkokoteni wa maji kama huandika.